AC ya nyumbani: joto linakwenda wapi, na uniti zinaishia wapi

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo hujaa watu wenye maswali mawili: hii bei gani, na ni BTU ngapi, yaani ina uwezo gani wa kuondoa joto? Muuzaji huyajibu yote mawili haraka, na mara nyingi hakuulizi neno kuhusu chumba chenyewe. Hasara nyingi huanzia hapo. AC ileile ya BTU 12,000 inaweza kula uniti tatu kwa usiku katika nyumba moja ya Mbezi na uniti saba kwa jirani, ilhali wote wawili wameamka wakiwa wamelala vizuri.

Ili tofauti hiyo ieleweke, tuache kwanza kudhani kwamba AC inatengeneza baridi. Haitengenezi. Inachukua joto lililomo chumbani na kwenda kulitupa nje. Ndani ya mabomba yake ya shaba inazunguka gesi maalumu. Ikifika kwenye koili ya ndani inakuwa majimaji yenye shinikizo dogo, na majimaji hayo huchemka hata kwenye ubaridi. Ili yachemke yanahitaji joto, basi yanalinyonya kutoka kwenye hewa ya chumba inayopulizwa na feni. Mvuke unaotoka hapo unakwenda kwenye kompresa, ndani ya boksi la nje, ambako unabanwa hadi unakuwa wa moto kuliko hewa ya nje. Joto linatoka, gesi inarudi kuwa majimaji, inapita kwenye njia nyembamba, shinikizo linashuka, inapoa, safari inaanza upya. Umeme wako unalipia huo usukumaji tu. Ndiyo maana mashine inayotumia wati 1,100 inaweza kuondoa chumbani joto la wati 3,500 na hakuna kanuni ya fizikia iliyovunjwa.

Kwa hiyo AC iko katika hali ya baharia anayefua maji ya ngama. Jahazi linalovuja litamtoa jasho safari nzima, na ukimpa ndoo kubwa zaidi hujaziba tundu. Swali la kwanza la mnunuzi lingekuwa: joto linaingia chumbani kwangu kutoka wapi?

Kwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa jibu linaanzia juu. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana linaweza kupita nyuzijoto 60, na chini yake mara nyingi kuna dari ya jipsamu tupu, bila kitu chochote cha kuzuia joto. Dari hiyo inaendelea kukurushia joto hadi usiku wa manane. Baada ya paa, ni ukuta na madirisha ya magharibi. Karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini, hivyo kuta za kaskazini na kusini zinapata nafuu. Za mashariki na magharibi zinapigwa kifua kwa kifua. Dirisha la kioo la mita mbili za mraba linalotazama magharibi linaweza kuingiza karibu wati 1,000 za joto alasiri. Pazia la ndani linasaidia kidogo, kwa sababu jua limeshapita kioo na joto limeshakuwa la kwako. Kinachosaidia kweli ni kivuli cha nje: kibaraza, turubai, mti, hata chandarua cheusi cha bustani kilichotundikwa nje ya dirisha. Waliojenga Mji Mkongwe na Lamu walilijua hili. Vichochoro vyao vyembamba vinatiliana kivuli, na kuta za mawe ya matumbawe ni nene. Sisi tumejenga vioo vikubwa na paa jepesi, kisha tunaipa mashine kazi iliyokuwa ya ukuta.

Halafu kuna unyevu, na hapa watu wa pwani tunalipa kuliko tunavyojua. Mwaka 1902, Willis Carrier alipobuni mfumo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, tatizo alilopewa lilikuwa unyevu: karatasi zilikuwa zinavimba na kunywea, na rangi hazikai mahali pake. Ubaridi ulikuja kama sehemu ya kukausha hewa. Yale maji yanayodondoka kutoka kwenye kibomba cha AC yalikuwa mvuke ndani ya chumba chako. Kugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji kunachukua takriban theluthi mbili ya kilowati-saa ya uwezo wa kupoza, na AC ya BTU 12,000 msimu wa joto inaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa. Sasa fikiria chumba chenye madirisha ya luva ambayo hayafungi sawasawa, au nyumba ya zamani yenye vitundu vya hewa juu ya dirisha, au mlango wenye uwazi wa vidole viwili chini. Hewa yenye unyevu inaingia usiku kucha. Unakausha Bahari ya Hindi kwa hela ya LUKU.

Tabia hii ya kukausha ndiyo inayofanya AC kubwa kupita kiasi iwe balaa. Wengi wanaamini wakichukua ya BTU 18,000 kwa chumba kidogo, haitachoka na itadumu. Kinachotokea ni kwamba inafikisha nyuzi ulizoweka ndani ya dakika chache, kompresa inazima kabla koili haijapata muda wa kukamua unyevu, halafu inawaka tena, inazima tena. Chumba kinakuwa cha baridi lakini shuka zina ubichi. Mwenye nyumba anahisi bado kuna fukuto, anashusha rimoti hadi 18, na mchezo unaendelea. Mashine za inveta huvumilia zaidi kosa hili kwa sababu zinaweza kupunguza mwendo, lakini nazo zina kiwango cha chini ambacho haziwezi kwenda polepole zaidi.

Kanuni ya kuanzia inayofaa pwani ni BTU 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina mita za mraba kama 13, basi BTU 9,000 inatosha, mradi kina dari na madirisha yanafunga. Cha futi 15 kwa 15 kinafika karibu mita 21, na hesabu inakuangusha katikati, kati ya 12,000 na 18,000. Hapo usikimbilie kubwa. Ukiweka kivuli magharibi na kuziba nyufa, ile ya 12,000 itatosha, na utakuwa umeokoa fedha mara mbili, dukani na kwenye mita. Panda daraja kama chumba kiko ghorofa ya juu chini ya bati, kama ukuta wake mrefu unatazama magharibi, au kama wanalala watu wengi. Mtu mmoja aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Sebule iliyoungana na jiko na ngazi ya kwenda juu ni kesi nyingine kabisa. Maoni yangu: iachie panga boi. Kupoza sebule isiyo na mlango ni gharama ya wenye hoteli.

Ukishajua ukubwa, soma kibandiko cha maelezo kilicho ubavuni mwa mashine kabla hujasoma bei. Kina namba mbili muhimu: uwezo wa kupoza kwa wati na umeme inaotumia kwa wati. Gawa ya kwanza kwa ya pili. 3,500 gawa kwa 1,100 ni 3.2 hivi, hiyo ni mashine ya kawaida. Ikikaribia 4 ni nzuri. Ikiwa chini ya 3, bei yake rahisi utailipa kidogo kidogo kwa miaka. Kenya imerahisisha kazi hii kwa lebo ya nyota inayosimamiwa na EPRA, mamlaka yake ya nishati: nyota nyingi, umeme kidogo.

Sasa inveta au ya kawaida? AC ya kawaida ina kompresa inayojua mambo mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote na kuzima. Inveta inabadilisha mwendo: inaanza kwa kasi, chumba kikipoa inashuka na kubaki ikizunguka polepole. Tuchukue hesabu ya Dar. Mteja wa kawaida wa TANESCO, yule wa kundi la T1, amekuwa akipata takriban uniti 28 kwa shilingi 10,000, yaani kama shilingi 357 kwa uniti. AC ya kawaida ya BTU 12,000 ikifanya kazi kwa muda wa saa nane kila usiku, kompresa ikiwa imewaka theluthi mbili ya muda huo, inakula uniti sita hivi: zaidi ya shilingi 2,100 kwa usiku, na kama 64,000 kwa mwezi. Inveta nzuri kwenye chumba hichohicho inaweza kutumia tatu na nusu, yaani chini ya 38,000 kwa mwezi. Panga boi la wati 75 kwa saa hizohizo halifikishi shilingi 220 kwa usiku. Tofauti ya inveta inarudi haraka kwa anayewasha AC kila usiku. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa Idi na Krismasi, chukua ya kawaida na usijilaumu.

Walioko kundi la D1, la wenye matumizi madogo ya nyumbani, wana hesabu chungu zaidi. Uniti 75 za mwezi wamekuwa wakizipata kwa shilingi 9,150, lakini AC moja ya chumba cha kulala, hata ya inveta, inapita uniti 100 kwa mwezi peke yake, na kinachozidi 75 hutozwa zaidi ya mara tatu ya bei ile ya mwanzo. Mtu anaona bili imepaa ghafla na kudhani mita imeharibika. Mombasa nako bei ya uniti hupanda daraja kadiri matumizi ya mwezi yanavyokua.

Udhaifu wa inveta uko kwenye bodi yake ya umeme. Umeme wetu unashuka na kupanda, unakatika na kurudi kwa kishindo, na bodi ikiungua bei yake inauma. Nunua kifaa cha kulinda AC, kile kinachokata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Usiulize kama unakihitaji. Kiweke kwenye bajeti ya mashine tangu mwanzo. AC iwe na waya wake kutoka kwenye saketi breka yake. Waya wa eksitensheni uliopita chini ya zulia ni njia ya moto.

Kibandiko kilekile kinataja pia aina ya gesi, na jambo hili wauzaji wengi huliruka. R22 ya zamani inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987: nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na kuyamaliza 2030, kikibaki kiasi kidogo cha matengenezo. Ukinunua AC ya mtumba yenye R22 leo, unanunua mashine ambayo gesi yake itazidi kuadimika. R410A iliyochukua nafasi yake haigusi ozoni, ila ikivuja inanasa joto angani mara elfu mbili na zaidi ya kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa. R32 iko chini sana, kama mara 675, na mashine zake huwa na ufanisi mzuri. Ni jirani zetu wa Kigali waliokaribisha mkutano wa Oktoba 2016 ambako dunia ilikubaliana kupunguza gesi za kundi hili. Kwa nyumba ya kawaida leo chagua R32. Ina tabia ya kuwaka kidogo, kwa hiyo fundi asiisogelee na moto wa kulehemu kabla hajaitoa yote, na mwenye nyumba asikubali kamwe gesi moja ijazwe kwenye mashine ya gesi nyingine.

Mashine nzuri ikifungwa vibaya inakuwa mashine mbaya, na hapa ndipo ningetumia fedha kuliko kwenye jina la kampuni. Mwulize fundi swali moja kabla hajapanda ngazi: una pampu ya vakyumu? Mabomba yakishaungwa yamejaa hewa na unyevu. Pampu inavitoa kwa dakika ishirini au thelathini, kisha geji inaangaliwa kama shinikizo linatulia. Fundi wa haraka hufungua gesi kidogo ipulize hewa nje, anafunga nati, kazi imekwisha. Unyevu uliobaki unaungana na oili ya kompresa na kutengeneza asidi inayoila taratibu. Mashine itapoza vizuri siku ya kwanza, na mwaka wa kwanza pia, na ndiyo sababu lawama haimrudii fundi.

Boksi la nje linahitaji hewa, maana ndilo linalotupa joto. Liachie nafasi nyuma na hasa mbele. Ukilifungia kwenye kibaraza kilichozibwa au kwenye kona ambako hewa ya moto inarudi humohumo, kompresa itafanya kazi mara mbili. Kivuli ni kizuri, mradi kisizibe upepo. Mabomba yote mawili yavishwe sponji yake, si moja tu, na kibomba cha maji kiteremke njia nzima bila kupanda popote, la sivyo maji yatarudi ukutani. Tundu la ukutani lizibwe vizuri. Mijusi na mchwa hulipenda.

Kuhusu matunzo, kazi kubwa ni ya mwenye nyumba na haihitaji fundi. Filta ya ndani inafunguka kwa mkono. Isafishe kwa maji kila wiki mbili au tatu, ikauke kivulini, irudishe. Filta iliyoziba inapunguza hewa inayopita kwenye koili, koili inapoa kupita kiasi, maji yanaganda kuwa barafu, na ghafla AC inatoa upepo wa uvuguvugu huku ikidondosha maji ukutani. Wengi hapo humwita fundi, naye anasema maneno yanayolipa kuliko yote katika biashara hii: gesi imeisha.

Gesi haiishi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haichomwi kama ya kupikia. Ikiwa imepungua, imevuja, na kama imevuja kuna tundu. Kujaza bila kutafuta tundu ni kukodi ubaridi kwa miezi michache. Fundi anayejua kazi atajaza naitrojeni kwa shinikizo, apake povu la sabuni kwenye maungio, atafute mapovu. Ataziba, atavuta vakyumu, ndipo ajaze gesi kwa kuipima kwenye mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boksi la nje. Kujaza kwa kukisia hadi bomba lihisi baridi mkononi si kipimo. Gesi ikizidi, kompresa inaumia sawa na ikipungua.

Kwa nyumba za karibu na bahari, Kigamboni, Masaki, Nyali, kuna adui wa ziada. Chumvi inakula mapezi ya alumini ya boksi la nje hadi yanasagika kama majivu. Uliza dukani kama koili ina rangi ya kinga, na kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, yaoshe mapezi kwa maji baridi ya bomba yasiyo na nguvu nyingi. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Inayakunja na kuziba njia ya hewa.

Matumizi ya kila siku yana uongo mmoja mkubwa: kwamba ukiweka 16 chumba kitapoa haraka. AC ya kawaida inatoa ubaridi uleule iwe umeweka 16 au 25. Tofauti ni kwamba ukiweka 16 haitasimama kamwe, kwa sababu katika vyumba vyetu haitafika. Inveta itakwenda kasi kwa muda mrefu, na matokeo kwenye mita ni hayohayo. India iliamua kwamba kuanzia 2020 AC zinazouzwa huko ziwe zimewekwa 24 zinapowashwa mara ya kwanza, maana watu wengi hawagusi namba wanayoikuta. Kwa pwani yetu weka 25 au 26, washa panga boi kwa mwendo mdogo juu ya kitanda. Upepo huo peke yake unaufanya mwili uhisi pungufu ya nyuzi mbili au tatu. Usiku wa masika, joto likiwa si kali ila hewa nzito, bonyeza alama ya tone la maji kwenye rimoti. Mashine itajikita kukausha, na mara nyingi hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Ukitoka kwa zaidi ya saa moja, zima. Ile imani kwamba kuwasha upya kunakula kuliko kuiacha ikiunguruma haina hesabu nyuma yake. Asubuhi fungua madirisha: AC ya aina hii inazungusha hewa ileile ya ndani na haileti mpya, kwa hiyo watu watatu waliolala chumba kilichofungwa wanahitaji hewa nyingine kabla ya mashine kuwaka tena. Jenereta, kama ipo, ikae mbali kabisa na dirisha. Moshi wake una gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukuonya.

Usafi mkubwa, wa kufungua boksi la ndani na kuosha koili na feni kwa pampu, unatosha mara mbili kwa mwaka. Mara tatu kama unakaa kando ya barabara ya vumbi. Usingoje Desemba, wakati kila fundi wa mji ana simu ishirini na anaosha kwa dakika kumi. Mwite kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ana nafasi, bei inazungumzika, na ana muda wa kukaa kuangalia geji.